Maswali ya gereji: Beetle nzito, Datsun mlevi, 504 inayogonga ikishuka Tanga

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia kwenye distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi kwa zamu, na hasa ile adivansi yake, yaani ule uwezo wa kuleta cheche mapema zaidi kadri injini inavyozidi kuzunguka. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kirefu mno, mhariri kalalamika, lakini ukiielewa hiyo zingine zote zinakuwa nyepesi kwa hiyo hata kama huna Beetle we isome tu.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Beetle ya 1972, injini ya 1600 na kabureta ni 34 PICT-3. Distributa yake ya asili ilikufa nikauziwa distributa ya 009 iliyotumika. Fundi akaiseti kwa sikio, sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) imetulia safi kabisa. Tatizo nikiondoka kwenye taa nikikanyaga inasita kama inataka kuzima afu ndo inaondoka, na nikiwa barabara kuu nikivuka 80 inakuwa nzito, nakanyaga hakuna kitu, na oili inapata moto mpaka harufu inaingia ndani. Nimebadilisha plagi, waya, koili na pampu ya petroli, bado. Sasa naambiwa tufungue injini. Nishauri kabla sijaingia gharama. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kaka injini iache ilivyo kwanza. Hapo una matatizo mawili yamekaa kwenye distributa moja na watu wanayafanya kuwa moja, kusita ukiondoka ni kitu kimoja, huo uzito wa barabara kuu ni kitu kingine kabisa.

Tuanze na uzito manake ndo unaoweza kukuulia injini. Cheche haipigwi pistoni ikiwa imefika juu, inapigwa kabla, kwa sababu petroli na hewa haviwaki vyote kwa mpigo, moto unataka muda kusambaa, na sisi tunataka presha iwe imefika kilele chake pistoni ikiwa ndo kwanza imeanza kushuka, ili isukumwe vizuri. Sasa piga hesabu na mimi. Injini ikiwa sailensa, tuseme mizunguko 850 kwa dakika, digrii 7.5 za puli ya injini zinapita kwa karibu milisekunde 1.5. Ukifika mizunguko 3000, digrii hizohizo 7.5 zinapita kwa milisekunde 0.4 na ushee tu. Moto nao haujaongeza mbio kiasi hicho, bado unataka muda unaokaribia uleule. Ndo maana kwenye 3000 tunataka cheche ipigwe kama digrii 30 kabla, ambazo ukizipigia hesabu unapata milisekunde 1.7 hivi, umerudi palepale.

Kazi ya kuitoa cheche kwenye 7.5 na kuipeleka 30 inafanywa na vyuma viwili vya uzito vilivyojificha chini ya pleti ya pointi, ile swichi inayokata umeme wa koili ili cheche ipigwe. Shafti ikizunguka vinatanuka, vikitanuka vinaisukuma kamu mbele kidogo, pointi zinafunguka mapema, halafu kuna springi mbili ndogo za kuvirudisha ukiachia mafuta. Hakuna kingine cha ajabu humo ndani. Distributa ikikaa stoo miaka, oili inakauka, kutu inaingia, vyuma vinagandia, na hapo gari inawaka vizuri tu, sailensa nzuri tu, ila barabarani unaendesha na digrii zilezile za sailensa. Moto unakuwa bado unawaka wakati pistoni inashuka, nguvu haipo, joto lote linaishia kwenye hedi na egzosi. Na Beetle unajua haina rejeta, inategemea hewa ya feni na oili, kwa hiyo hiyo harufu unayoisikia mimi hainishangazi.

Kipimo cha kwanza ni cha bure. Zima gari, toa kofia ya distributa, shika rota, kile kipande kinachozunguka chini ya kofia, kwa vidole uizungushe upande inakozunguka yenyewe, kwa Beetle ni kama mshale wa saa. Itasogea kidogo kisha itagoma. Achia. Inatakiwa irudi yenyewe kwa haraka, unasikia kabisa springi ikiivuta. Ikiwa haisogei hata kidogo, vyuma vimeganda. Ikisogea ikabaki hukohuko, springi imekatika au imechomoka au kamu inakwama kwenye shafti. Mi nina uhakika kiasi kwamba yako itafeli hapa, ila endelea kusoma manake hata ikifaulu hujamaliza.

Ikiwa imeganda usiipulizie tu oili kwa juu ukategemea miujiza. Weka alama kwenye bodi ya distributa na kwenye injini ili ujue ilikaaje, angalia rota inaelekea wapi, itoe, fungua pleti ya pointi, osha vyuma na pini zake kwa petroli au mafuta ya taa na brashi mpaka vicheze vyenyewe, kisha tone la oili nyepesi kwenye kila pini. Grisi nzito hapana, grisi ndo iliyowaponza wengi, ikikauka inakuwa gundi. Juu ya shafti, chini ya rota, kuna kipande cha sufi, hicho nacho kipe tone mbili za oili basi, ukizidisha inarukia kwenye pointi na utaanza barua nyingine ya kuniuliza kwa nini gari inamisi.

Ukishairudisha, kabla ya taimingi, yaani kuseti cheche ipigwe wakati gani, seti pointi, 0.4 mm kwa fila geji, na hii order usiipindue. Pointi zikiwa wazi sana zinafunguka mapema, cheche inawahi, zikiwa zimebana cheche inachelewa, kwa hiyo ukiseti taimingi kwanza halafu ukagusa pointi, ile taimingi umeifuta. Ndo sababu pia gari iliyokuwa nzuri inazidi kuwa nzito taratibu, kile kisigino cha pointi kinacholamba kamu kinalika, nafasi inapungua, cheche inarudi nyuma kidogokidogo na wewe umeshaizoea.

Sasa taimingi laiti, ile taa inayomweka kila cheche ya silinda namba 1 ikipigwa. Hapa ndo nagombana na mafundi wenzangu wa sikio. Fundi wa sikio anazungusha distributa gari ikiwa sailensa mpaka injini iimbe vizuri, anakaza, anakuambia tayari bosi. Alichokiseti ni mwanzo tu, mwisho hajauona. Adivansi ikiwa imeganda, mwisho uko chini mno kama wako. Lakini adivansi ikiwa huru, na yeye kwa sikio kaiweka sailensa kwenye digrii 15 kwa sababu imeimba, basi ukifika juu inaongezeka 20 na kitu na unajikuta uko 36, 37, huko injini inagonga na pistoni inatoboka. Na kwenye Beetle hausikii! Injini iko nyuma, feni inapiga kelele, wewe umekaa mbele na redio, mwenye Corolla angesikia kokoto zinagongana ndani ya hedi na angeachia mafuta, wewe utajua siku ya kuokota vipande kwenye oili.

Kwa hiyo unaseti mwisho, mwanzo unajiangukia wenyewe. Puli nyingi za Beetle hazina alama ya 30, tengeneza. Chukua ukanda wa karatasi uzungushe kwenye ukingo wa puli, kata pale zinapokutana, hiyo ni digrii 360, kunja nusu, kunja tena nusu, halafu gawa kwa tatu, umepata sehemu moja ya 12, ambayo ni digrii 30. Weka pistoni ya namba 1 juu kabisa, alama ya puli ikae kwenye ule mstari wa maungio ya bloku, halafu kutoka alama hiyo pima karatasi yako kwenda kulia ukiwa umesimama nyuma ya gari, paka rangi nyeupe hapo. Kulia, siyo kushoto, kwa sababu puli inazunguka kama saa na alama ya kulia ndo inayofika juu kwanza.

Waya wa taa unashika kwenye plagi ya silinda namba 1, ya kulia upande wa mbele wa gari. Washa, iache ipate moto. Legeza kibano cha distributa kiasi tu igeuke kwa nguvu ya mkono, mwenzako akanyage taratibu mpaka 3000, 3500, wewe unamulika. Alama inatakiwa itembee ikipanda, ikifika mahali inasimama hata mwenzako akiongeza. Hapo iliposimama ndo mwisho wake, zungusha distributa mpaka rangi yako nyeupe ikae kwenye maungio ya bloku. Kinyume cha rota ni kuwahisha, kufuata rota ni kuchelewesha. 28 mpaka 32 ndo uwanja wako, mi kwa petroli zetu na joto letu sivuki 30. Na mikono mbali na belti tafadhali, na kanzu siyo nguo ya gereji.

Kaza, achia mafuta, sasa mulika sailensa uone imeangukia wapi. 009 nzima itaangukia 7 mpaka 10 hivi. Ikiangukia 20 huku juu ni 30, maana yake vyuma vinatembea digrii 10 tu, bado vina kwikwi, rudi ukasafishe. Ikiangukia karibu na sifuri vinatembea mno, kuna kizuizi kimelika au mtu alishachezea humo. Alama ikiwa inarukaruka haitulii mahali pamoja, shika shafti uitikise kwa pembeni, ikiwa inacheza bushi imeisha na hapo hamna kuseti, tafuta distributa nyingine au fundi wa mashine akuchongee bushi. Na ukiachia mafuta alama ichelewe kurudi, sailensa ikabaki juu kwa muda ndo ishuke, hiyo ni springi imechoka.

Afu kuna ile ya silinda namba 3, niitaje tu usije ukashtuka. Baadhi ya distributa za asili za Beetle zilichongwa namba 3 ipigwe digrii chache nyuma ya wenzake, kwa sababu kipoza oili kiliwekwa kwenye njia ya hewa yake na ilikuwa inapata joto kuliko wengine. Ukimulika namba 3 ukaona imechelewa kwenye distributa ya namna hiyo siyo ugonjwa.

Sasa kusita ukiondoka. Hiyo hata 009 ikiwa mpya ya kwenye boksi utaipata, kwa sababu haina kopo la vakyumu, lile linalovutwa na mnyonyo wa hewa wa injini, inajua kasi tu, haijui umekanyaga kiasi gani. Kabureta yako ya 34 PICT-3 ilitengenezwa ikifanya kazi na distributa yenye vakyumu, ukikanyaga kidogo kopo linavuta pleti na cheche inawahi palepale kabla hata injini haijapandisha mizunguko. Na 009 inasubiri injini izunguke kwanza ndo vyuma vitanuke, na injini inasubiri cheche iwahi ndo izunguke, ndo hapo wanapotegeana wewe unapigiwa honi. Dawa ya kweli ni distributa yenye kopo inayoendana na kabureta hiyo. Kama mfuko haujakaa sawa, hakikisha ile tundu ya vakyumu kwenye kabureta imezibwa isivute hewa, angalia pampu ndogo ya kabureta inamwaga petroli mara tu ukigusa mafuta na siyo baadaye, na fundi wa kabureta anaweza kukuongezea jeti ya sailensa saizi moja. Itapungua. Kuisha kabisa sikuahidi.

SWALI: Salamu fundi, niko Thika. Datsun 1200 pikapu ya mzee wangu ilikuwa inamisi ukianza kukanyaga, nikapeleka kwa makanika akachomoa ile paipu ndogo ya kutoka kabureta kwenda distributa akaiziba na skrubu, misi ikaisha. Lakini tangu hapo inakula mafuta vibaya, mpaka mzee ananiuliza kama nauza petroli yake. Ni hiyo paipu ama ni kitu ingine? (Msomaji, Thika)

JIBU: Ni hiyo paipu, na mwambie mzee huuzi kitu. Makanika wako aliona moshi akafunga dirisha, moto akauacha.

Ukiwa unatembea 70, 80 umegusa mafuta kidogo tu, silinda hazijazi hewa vizuri, mchanganyiko ni mwepesi na unawaka polepole, kwa hiyo unataka cheche iwahi zaidi hata ya ile inayoletwa na vyuma vya uzito. Hiyo nyongeza, kwenye distributa nyingi ni digrii 10 na zaidi za puli, ndo kazi ya kopo. Ukikanyaga mpaka mwisho kupanda mlima vakyumu inakufa, kopo linaachia, unabaki na vyuma peke yake. Kwa hiyo ukiziba paipu, nguvu za mlimani hutaona tofauti, ila safari ya kawaida unachoma petroli kwa kuchelewa, na inaishia kwenye egzosi.

Sasa kwa nini ilikuwa inamisi? Sababu ni mbili na zote unazipima leo kabla ya chai. Chomoa paipu upande wa kabureta, toa kofia ya distributa, nyonya hiyo paipu kwa mdomo. Pleti ya pointi inatakiwa isogee, na ukiziba kwa ulimi ibaki imesogea. Ikisogea kisha ikarudi yenyewe, au ukanyonya hewa tu bila mwisho, diaframu ya kopo imechanika, na wakati umekanyaga injini ilikuwa inavuta hewa ya bure kupitia hapo. Kopo linabadilishwa peke yake kwa skrubu, siyo lazima ununue distributa nzima, ila ulinganishe namba manake hazifanani.

Ikiwa kopo ni zima, angalia ule waya mwembamba uliosukwa ndani ya distributa unaounganisha pleti na bodi, ndo ethi ya pointi. Kila ukikanyaga na kuachia pleti inasogea na huo waya unakunjwa, miaka inapita unakatika ndani huku kwa nje unaonekana mzima. Pleti ikitulia unagusa, ikivutwa unaachia, na gari inamisi pale tu ukianza kukanyaga, kama ilivyokuwa yako. Makanika akaziba paipu, pleti ikaacha kusogea, misi ikaisha, kila mtu akafurahi isipokuwa mwenye kulipia mafuta. Mi pesa yangu naiweka kwenye huo waya.

Ukimaliza, taimingi ya sailensa unaiseti paipu ikiwa imechomolewa na kuzibwa, kwa namba iliyoko kwenye kibandiko au kitabu cha gari, halafu ndo unairudisha. Na irudi kwenye tundu yake ya kabureta iliyo karibu na kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta, siyo popote kwenye manifodi, hapo vakyumu ipo muda wote na sailensa yako itapanda ovyo.

SWALI: Assalaam alaykum. Nimetoa pointi na kondensa kwenye Morris Minor yangu nikafunga ile moduli ya elektroniki ndani ya distributa hiyohiyo. Inawaka kwa mguso mmoja sasa, lakini uvivu wa kwenye kasi uko palepale. Je moduli ni feki? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Waalaykum salaam. Huenda ni nzima tu. Ulichobadilisha ni swichi, yaani kitu kinachokata umeme wa koili, na ndo maana kuwaka kumekuwa rahisi. Vyuma vya uzito, springi, bushi na kopo ni vilevile vya zamani, na moduli inasoma shafti ileile, shafti ikichelewa na yenyewe inachelewa kwa uaminifu kabisa. Fanya kile kipimo cha rota na cha kunyonya paipu nilivyoeleza hapo juu, ila rota uizungushe upande inakozunguka yenyewe, usifuate wa Beetle. Na ukishafunga moduli, taimingi ni lazima isetiwe upya, pale inapokata siyo lazima pawe pale pointi zilipokuwa zinafungukia.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu, naishi Arusha na Peugeot 504 yangu ya tangu enzi. Huku nyumbani inavuta vizuri sana, taimingi alinisetia kijana mmoja hodari. Kila nikishuka Tanga kwa wajukuu, njiani inaanza kugonga nikikanyaga kwenye vilima, mlio kama wa kokoto, na mchana ndiyo mbaya zaidi. Nikirudi Arusha inanyamaza. Je ni petroli ya huko? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hiyo ni gari iliyoshinda Safari Rally 1975, kwa hiyo tusiitukane, na petroli ya Tanga nayo tusiisingizie bado. Kinachobadilika ni hewa.

Arusha uko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Tanga. Silinda zinajaza hewa kidogo, presha ni ndogo, moto unasambaa polepole, na injini inavumilia, tena inapenda, cheche iwahi zaidi. Kijana wako hodari kaseti kwa kusikiliza huko juu mpaka ikavuta vizuri, na kwa Arusha kapatia. Ukishuka mpaka baharini silinda zinashiba, joto la mchana linaongeza lake, na ile cheche iliyowahi kwa Arusha sasa imewahi mno, mchanganyiko uliobaki kwenye kona unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Ndo hizo kokoto. Usizivumilie mzee, zinakula pistoni na gasketi ya hedi.

Rudisha nyuma digrii mbili au tatu, yaani distributa izungushwe kidogo kufuata rota inakozunguka, kisha ipelekwe barabarani: gea ya juu, 50 kwa saa, kilima kidogo, kanyaga mpaka chini. Ikigonga kidogo mwanzoni kisha ikanyamaza, iko sawa. Ikiendelea, ongeza kurudisha digrii moja. Na hicho kipimo kifanyike Tanga, siyo Arusha. Utaniuliza uwe unabadilisha kila safari? Mi ningeiacha kwenye seti ya Tanga mwaka mzima. Arusha utapoteza nguvu kidogo sana ambayo kwa mwendo wako hutaisikia.

Ila kabla ya hapo mwambie kijana amulike kwa taa injini ikiwa 1500 halafu 2500. Ikiwa alama imeshamaliza kutembea yote kwenye 1500, springi za distributa zimelegea au kuna mtu aliweka nyepesi, adivansi inakuja yote mapema wakati injini bado imebeba mzigo, na hapo utarudisha taimingi mpaka gari iwe nzito sailensa na itaendelea kugonga. Springi zinabadilishwa, mengine ni kujisumbua.

Jambo moja la kitabu chako cha gari, najua unacho. Namba za taimingi humo ziliandikwa zikitaja petroli ya enzi hizo yenye risasi. Nchi zetu za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka. Kwa hiyo namba ya kitabu ichukue kama mahali pa kuanzia, neno la mwisho ni la hicho kilima cha Tanga.

SWALI: Fundi mambo. Nilichomoa distributa ya Land Rover Series III ya petroli, silinda nne, kuisafisha vyuma kama ulivyowahi kuelekeza. Nimerudisha, sasa inapiga risasi kwenye kabureta, haiwaki, nimezungusha distributa pande zote hamna kitu. (Msomaji, Iringa)

JIBU: Poa. Acha kuzungusha, tatizo lako kubwa kuliko mzunguko wa mkono. Ama rota inaangalia silinda ambayo siyo, ama waya umezipanga vibaya, na mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja.

Toa plagi ya namba 1, ya mbele kabisa. Ziba tundu kwa kidole, mwenzako azungushe injini kwa hendo taratibu, swichi ikiwa imezimwa. Hewa ikianza kusukuma kidole kwa nguvu, hiyo ndo kompresheni, endelea mpaka alama ya taimingi ikae mahali pake. Alama peke yake usiiamini, inapita hapo mara mbili kwa kila cheche moja ya silinda hiyo, na mara moja kati ya hizo ni wakati wa kutoa moshi. Sasa toa kofia uone rota imeelekea wapi. Waya wa plagi namba 1 ndo ukae hapo, popote palipo, halafu mwenzako azungushe tena uone rota inaenda upande gani, panga zinazofuata kwa upande huohuo: 1, 3, 4, 2. Ikishawaka ndo ulegeze kibano, umulike kwa taa, na uangalie kama vyuma ulivyosafisha vinapanda na kurudi.

Na kabla ya kuchomoa distributa nyingine yoyote, piga picha kwa simu, moja kofia ikiwa imefungwa na waya zake, moja kofia ikiwa imetoka rota ionekane.